Kamera ndogo ya kupigia picha za sura usiku kwa flashi: nichague ipi?

Binti wa Mkomani (Lamu)

Assalamu alaykum nyote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu kamera ndogo ya dijitali, ile inayoweza kukaa katika mkoba wa kawaida, itakayonifaa kwa picha za sura zinazopigwa ndani ya nyumba, usiku, kwa flashi. Kazi ninayoitiwa mara nyingi ni kumpiga picha bibi harusi baada ya kupambwa, pamoja na mamake, shangazi zake, somo wake na wasichana wenzake. Kwa kuwa shughuli hizo ni za wanawake watupu, ambao wamevua mabuibui na kujipamba kwa raha zao, mpiga picha mwanamume hana nafasi humo, na hata mimi huombwa nisifanye makuu: nisijaze chumba mataa, wala nisiwazuie wanaopita na masinia.

Hadi sasa natumia kamera kubwa ya kuazima. Picha zake hazina kasoro, lakini akina mama wakielekezewa lenzi lile hukakamaa na kununa, ilhali punde tu walikuwa wakicheka. Nimejaribu pia kamera ndogo ya bei rahisi ya binamu yangu, na matokeo yake hayanipendezi hata kidogo: uso unatoka mweupe na bapa, paji linang'aa jasho, macho ni mekundu, na nyuma ya kichwa kuna kivuli cheusi kilichokatwa ukutani kama kwa mkasi.

Muuzaji mmoja wa Mombasa amenishauri nichukue kamera yenye zumu ya mara 30 na megapikseli nyingi kuliko zote alizo nazo, akisema hayo ndiyo yanayofanya sura itoke vizuri. Je, ni kweli? Bajeti yangu haizidi shilingi 60,000, na sioni aibu kununua iliyokwisha kutumika. Mara mojamoja huitwa pia mchana, ufuoni Shela, watu wakiwa wamesimama juani.

Mzee wa Studio (Malindi)

Waalaykum salaam, mwanangu. Huyo muuzaji alikuwa anauza alicho nacho dukani. Kamera ndogo yenye zumu ya mara 30 kwa kawaida huwa na sensa (kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, kwa sababu bila ya kuipunguza sensa kiasi hicho haiwezekani kuingiza lenzi ndefu namna hiyo katika kiwiliwili chembamba. Ukizijaza pikseli milioni 20 katika nafasi ile, kila moja hupata mwanga haba. Usiku picha hujaa chengachenga, kisha programu ya kamera hujaribu kuzifuta na hufuta pamoja nazo nywele za nyusi na michoro myembamba ya hina. Kwa kazi yako tafuta kamera yenye sensa inayoitwa ya inchi 1, ambayo kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni takriban mara 4 ya hiyo nyingine, na hilo lina uzito kuliko hesabu ya megapikseli.

Baada ya sensa, soma namba zilizoandikwa mbele ya lenzi, na usiridhike na ile ya kwanza. Lenzi iliyoandikwa 1.8-4.9 ina tundu pana la f/1.8 ikiwa haijavutwa, lakini ukiivuta mpaka mwisho tundu hubana hadi f/4.9, na picha ya sura hupigwa lenzi ikiwa imevutwa. Ukimpiga mtu kwa milimita 24 au 28 (huo ni urefu wa lenzi, na namba ikizidi lenzi inavuta zaidi; nasema kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, ambacho ndicho kinachotumika kulinganishia) inakubidi umkaribie sana ili uso wake ujae, na ule ukaribu ndio unaoikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Kati ya milimita 70 na 100 unasimama mbali kidogo, na uso unabaki na umbo lake.

Sasa tuzitaje zenyewe. Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, ndiyo hiyo ya 1.8-4.9, yenye milimita 28 hadi 100. RX100 III ya mwaka 2014 inaishia milimita 70 tu, lakini hapo mwisho bado ni f/2.8, tofauti kati ya f/4.9 na f/2.8 ni mwanga wa takriban mara 3. Canon G7 X, ya mwaka huohuo wa 2014, inafika milimita 100 ikiwa f/2.8, na kwa maoni yangu ndiyo lenzi inayofaa zaidi kwa sura miongoni mwa hizi. Dosari yake ni betri: kipimo chake rasmi ni picha 210, ilhali cha RX100 III ni 320, na flashi ya ndani inakula betri hiyohiyo. Ukiichukua, nunua na betri ya akiba siku hiyohiyo. Panasonic LX100, pia ya 2014, ina sensa kubwa kuliko hizo zote na lenzi ya milimita 24 hadi 75 yenye f/1.7-2.8, haina flashi ndani, huja na kiflashi kidogo cha kupachika juu. Utasikia wengi wakizisifu Fujifilm X100, na sifa ni zao, lakini lenzi yake haivutwi na ni sawa na milimita 35, na bei yake inapita mfuko wako.

Kuhusu Shela, hapo kamera ndogo inaishinda kubwa, jambo ambalo wengi hawalijui. Lamu iko digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita liko utosini, na macho ya mtu yanazama katika kivuli cha nyusi zake au cha ukingo wa kofia. Dawa yake ni flashi kidogo ya kujaza kivuli. Kamera kubwa nyingi haziwezi kwenda sambamba na flashi shata (kile kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) ikizidi kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, kwa sababu shata yao ni pazia mbili zinazokimbizana mbele ya sensa. Shata ya hizi ndogo nilizozitaja imo ndani ya lenzi na inafunguka yote kwa pamoja, hivyo flashi inaitika hata kwa 1/1000. Kwa hiyo unaweza kulipunguza jua la mchana huku flashi yako ndogo, kutoka mita 1 na nusu, ikiendelea kumulika uso kikamilifu.

Kijana wa Langoni (Lamu)

Samahanini, wakubwa zangu. Kwa shilingi 60,000 si mtu atapata simu nzuri kabisa, inayopiga usiku na kulifanya eneo la nyuma liwe na ukungu wa kupendeza, na asihangaike na betri za akiba? Na kwa hizo flashi kali, nimeona watu wakiifunika kwa karatasi nyeupe na mwanga ukalainika.

Mama wa Shela (Lamu)

Mwanangu wa Langoni, simu ni nzuri kwa mambo mengi, lakini katika shughuli anazozitaja dada yetu ndicho kitu cha kwanza kinachokatazwa mlangoni. Wanaoalikwa wanaombwa wasitoe simu, na wenye nyumba wana haki, kwa sababu simu nyingi hupakia picha kwenye mtandao zenyewe bila ya mwenyewe kukumbuka kwamba alikubali. Kamera ina kadi inayotoka na kushikika mkononi. Hata hivyo, dada yangu, hizi kamera za karibuni nazo zina Wi-Fi. RX100 ya kwanza haina, lakini RX100 III na G7 X zinayo, basi izime katika menyu kabla hujaingia nyumba ya watu, na uwaonyeshe kwamba imezimwa. Jambo jingine ni kwamba kufuta picha katika kamera hakuiondoi kwenye kadi mpaka iandikiwe nyingine juu yake. Mtu mwenye programu ya kurudishia mafaili anaweza kuipata. Mimi humtoza mwenye shughuli bei ya kadi mpya na kumwachia iliyotumika baada ya kuzichagua picha pamoja naye, na tangu nianze utaratibu huo naulizwa maswali machache zaidi.

Kuna na tofauti ya mwanga wenyewe. Flashi ya kamera hulipuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ule mlipuko hukamata mkono unaopunga na mkufu unaoning'inia bila ya kutikisika. Kinachoitwa flashi katika simu nyingi ni kijitaa cha LED, dhaifu mno kwa kazi hiyo. Ama karatasi nyeupe juu ya flashi, sikuzuii, lakini haifanyi unalolidhania. Ulaini wa mwanga hutokana na ukubwa wa mahali unapotoka ukilinganishwa na kinachomulikwa. Kioo cha flashi hizi hakizidi upana wa ukucha wa gumba; ukikifunika kwa karatasi kinabaki upana uleule, ila umepoteza mwanga na betri.

Ukuta ndio wa kuutumia, na hapa nyumba zetu za mawe zinatusaidia kuliko nyumba yoyote ya kisasa. Upana wa chumba katika nyumba ya kale ya Lamu huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 3. Maana yake ni kwamba popote utakaposimama, kuna ukuta mweupe wa chokaa karibu nawe, kuliani au kushotoni. Vitabu vya kupiga picha vinakwambia uielekeze flashi kwenye dari; ukifanya hivyo kwetu mwanga unamezwa na boriti, tena mara nyingi zimepakwa rangi nzito, na kinachorudi ni kidogo na chekundu. Elekeza ubavuni. Ukuta wote unakuwa taa kubwa, kivuli nyuma ya kichwa kinapotea, jicho haliwi jekundu kwa sababu mwanga haumwingii mtu kwa njia ileile inayotazamwa na lenzi, na jasho la paji halirudishi mng'aro moja kwa moja kwenye kamera.

RX100 III inaliruhusu hilo ijapokuwa haikutengenezewa hasa kazi hiyo. Flashi yake huchomoza juu ya kamera kwenye kimkono chenye bawaba. Iweke kamera wima, kama tunavyofanya kwa picha za sura, kisha uivute flashi nyuma taratibu kwa kidole cha shahada na kuizuia hapo. Ile iliyokuwa ikitazama mbele sasa inatazama ukuta wa pembeni. Geuza kamera upande wa pili ukitaka ukuta mwingine. Muweke bibi harusi ageuze uso kidogo kuelekea ukuta unaoumulika, usimwache aupe kisogo, la sivyo nusu ya uso wake itabaki gizani. Mwanga ukienda ukutani na kurudi unasafiri njia ndefu, na njia ikiwa mara mbili mwanga unakuwa robo, mbali na ule unaopotea katika chokaa yenyewe. Kwa hiyo panda ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600, weka f/2.8 na shata 1/60, uiachie flashi ijipime yenyewe. Sensa ya inchi 1 inastahimili ISO hizo bila ya kuiharibu ngozi, na hapo ndipo utakapoyakumbuka maneno ya Mzee wa Studio.

Angalia tu rangi ya ukuta. Nyumba mpya zilizopakwa kijani au buluu zitampaka bibi harusi rangi hiyo usoni, na hakuna kipodozi cha kumwokoa.

Binti wa Mkomani (Lamu)

Shikamoo Mzee, na ahsante sana Mama. Hili la ukuta sikuwahi kulisikia. Nina maswali mawili yaliyobaki. Taa za vyumba vingi ni za njano, na nikipiga kwa flashi uso unakuwa sawa lakini chumba nyuma yake kinatoka rangi ya chungwa, hata zile zidaka za ukutani zilizopangwa vyombo zinaonekana kama zimeungua moshi. Na je, niogope kiasi gani kununua kamera iliyotumika huku kwetu kwenye chumvi na mchanga?

Fundi wa Kamera (Malindi)

Nijibu la pili kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ogopa mchanga kuliko chumvi. Lenzi za kamera hizi hutoka na kuingia kila unapowasha na kuzima, na chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya mirija yake huisaga mpaka ikwame. Kabla ya kulipa, washa na uzime mara kadhaa mahali pa kimya na usikilize: mlio uwe mmoja, mwepesi, usio na mkwaruzo. Vuta zumu mpaka mwisho na urudishe. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi kwa pembeni. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu, na katika unyevu wa pwani haiponi bali huenea, basi iache hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Chomoza flashi na upige nayo mfululizo. Baada ya kila pigo hungoja sekunde chache ijijaze. Ikichukua muda mrefu mno, ama betri imechoka ama flashi yenyewe inaelekea kufa. Jaribu pia kuirudisha ndani kwa mkono uone kama inashika, kwa sababu hicho kimkono ndicho Mama anachotaka ukivute kila siku, na kivute kwa upole. Ukiwa nayo, ihifadhi katika kopo linalofungika vizuri pamoja na vile vijifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Ufuoni usiiwashe upepo ukiwa unapeperusha mchanga. Kusi likivuma, piga ukiwa nyuma ya ukuta au usipige.

Mama wa Shela (Lamu)

Kwa rangi ya chungwa, tatizo ni kwamba flashi inatoa mwanga mweupe unaokaribia ule wa mchana na taa za chumba ni za njano, nayo kamera haiwezi kuzifuata mbili kwa wakati mmoja. Tafuta kipande cha plastiki angavu ya rangi ya chungwa hafifu, ile inayouzwa kwa ajili ya taa za jukwaani na za video, ukikate ukubwa wa flashi na kukibandika kwa gundi ya karatasi. Flashi nayo inakuwa ya njano, kisha unaiambia kamera kwamba taa zote ni za balbu, na kila kitu kinarudi kwenye rangi yake, pamoja na zidaka. Kama hukukipata, waombe wenye nyumba wazime taa iliyo karibu zaidi na wakuachie ya mbali. Kidogo cha unjano nyuma si kibaya, kinaleta joto la chumba.

Usitumie ile namna ya kuzuia macho mekundu inayotanguliza mimuliko midogo kabla ya picha. Inachukua karibu sekunde nzima, akina mama wanadhani picha imekwisha pigwa, na kamera inapopiga kweli wameshageuka kuongea na jirani. Ukitumia ukuta huihitaji.

Jambo la mwisho, vazi. Bibi harusi akiwa katika nguo nyeupe tupu na fremu imejaa nguo hiyo, kamera itadhani mwanga umezidi na itaupunguza, uso utakuwa mweusi kuliko ulivyo. Ongeza flashi kwa theluthi mbili ya hatua (hatua moja nzima ni mwanga mara mbili). Nyanyake aliyekaa na buibui jeusi ni kinyume chake, punguza.

Binti wa Mkomani (Lamu)

Nimeelewa, na moyo wangu sasa umeelekea RX100 III kwa sababu ya hiyo flashi ya kuvuta. Kinachonisumbua ni yale maneno ya Mzee kwamba G7 X inafika milimita 100. Je, milimita 70 hazitanipungukia ninapotaka uso peke yake?

Mzee wa Studio (Malindi)

Marahaba, mwanangu. Mimi bado naipenda lenzi ya G7 X, lakini Mama amenizidi kwa hoja, kwa kuwa yeye anavijua vyumba vyenyewe. Katika chumba chembamba hutaki kusimama upande wa ukuta wa pili. Panga mtu akae upande mmoja wa urefu wa chumba na wewe usimame urefuni, utapata mita 2 bila ya shida. Kwa milimita 70, kutoka mita 1 na nusu hivi, unapata kichwa na mabega, na hiyo ndiyo picha utakayoombwa zaidi.

Ukitaka uso peke yake, usimsogelee. Kata picha baadaye. RX100 III ina megapikseli 20. Ukiikata mpaka iwe sawa na iliyopigwa kwa milimita 100, zinabaki takriban megapikseli 10. Picha ya inchi 8 kwa 10, ambayo ndiyo familia nyingi huiweka ukutani, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 7.2, basi bado una ziada. Hizo milimita 30 peke yake zisikufanye uiache RX100 III. Ukiikuta G7 X safi, yenye betri mbili na kwa bei ya chini kuliko hiyo, ichukue, lakini kwanza ijaribu dukani kama flashi yake inakubali kuvutwa nyuma vizuri kwa kidole huku umeishika wima.